Skolashipu za utafiti wa majanga: mkuu, tafuta swali kabla ya fomu

Mkuu, umesema una shahada ya uhandisi wa ujenzi, GPA 3.6, uko halmashauri mwaka wa tatu, na unataka ufadhili wa kusomea majanga nje ila hujui uanzie wapi. Nimepita njia hiyo, uzamili Chuo Kikuu Ardhi na uzamivu Ulaya, kote huko nikishughulika na mafuriko ya mijini, kwa hiyo vumilia urefu.

GPA yako isikunyime usingizi. Kinachoangusha maombi mengi ni andiko la utafiti. Mtu anaandika "mabadiliko ya tabianchi na ustahimilivu wa jamii Tanzania". Hiyo ni kazi ya wizara nzima. Anayepitia maombi anataka kujua ni wapi, ni watu gani, utapima nini, na data utaitoa wapi.

Wewe ni mhandisi, basi chukua Bukoba. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9, si kubwa kwa viwango vya dunia, lakini liliua watu na kubomoa nyumba nyingi, hasa za matofali yasiyo na nondo wala linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Watu wamejenga upya. Je, wamejenga tofauti? Fundi wa mtaani alibadilisha nini baada ya kuona ukuta wa jirani umelala, na nini kilimshinda kwa sababu ya bei? Hilo ni swali la uzamili kabisa, na mtu aliyekagua majengo ya halmashauri ana uwezo wa kuliuliza kuliko profesa aliyeko mbali.

Mimi nilikuwa Bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na wapo waliorudi bondeni. Nikauliza kwa nini walirudi. Data ya msingi niliipata bure: kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaro na majengo ya kata zinazofurika, na ramani zile ziko wazi OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Nina hakika swali lile finyu ndilo lililonipa ufadhili.

Ukishapata swali, tafuta msimamizi kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Soma makala zake mbili, mwandikie barua pepe fupi, mwambie ni sehemu gani ya kazi yake inagusa swali lako, ambatanisha ukurasa mmoja. Asipojibu, mkumbushe mara moja, kisha endelea na mwingine.

Kuhusu wafadhili: DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, lina kozi za uzamili zinazohusu maendeleo, na huwa wanataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada, nawe unayo. Skolashipu ya Jumuiya ya Madola kwa upande wa Uingereza imekuwa na mada inayohusu ustahimilivu na kukabili dharura. Dirisha lake mara nyingi hufungwa Oktoba, na unaahidi kurudi nyumbani. Wajapani, kupitia shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, JICA, husomesha watumishi wa serikali uzamili wa majanga ya maji katika kituo cha ICHARM, Tsukuba. Kama uko tayari kuhama kutoka majengo kwenda mafuriko, hiyo usiiruke. Na usidharau nyumbani: Ardhi wana kituo cha mafunzo ya maafa, na shahada yake ilinifungulia milango ya nje.

Jambo moja nakuomba kama ndugu. Watu utakaowahoji wamezika jamaa zao. Baada ya matope ya Mlima Hanang kushuka Katesh Desemba 3, 2023, timu za kila aina zilipanda kule. Usiingie kwenye nyumba ya mfiwa na dodoso kama karani wa sensa. Pita kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa, keti, sikiliza, na weka kwenye bajeti ya andiko lako pesa ya kurudi na matokeo, yakiwa yameandikwa kwa Kiswahili. Mfadhili makini atakuheshimu kwa kipengele hicho, na wananchi ni haki yao.

Weka hapa swali lako la kwanza, hata likiwa bichi. Nitalisoma na kukuambia lipunguzwe wapi.