Re: Mjomba ametibiwa TB na tezi za shingo bado, mbona wanataka kumkata?

Pole sana dada. Hiyo sindano nyembamba aliyodungwa, iliyoleta majibu "hakuna saratani", inafyonza tu seli kidogo, na limfoma (saratani ya tezi za limfu) mara nyingi inajulikana kwa vile seli zimejipanga ndani ya tezi yenyewe, kwa hivyo sindano ikitoka bila kitu usiseme ako safi. TB na limfoma zote zinaleta homa, jasho la usiku na kukonda, na huku kwetu TB iko mingi, daktari kuanza nayo simlaumu, lakini mtu amemeza dawa miezi yote hiyo na uvimbe haushuki, hapo lazima maswali yaanze upya.

Mwacheni akatwe, watoe tezi nzima. Kama ni nyinyi mtabeba sampuli hadi maabara (si unajua vile huwa), iwe imezama kabisa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi sampuli isioze), ila kama wanataka kuotesha bakteria wa TB maabara pia basi kipande kingine kiende kando bila fomalini juu inaua bakteria. Uliza kama watapima alama za seli, yaani protini kama CD20, CD30 na zingine zinazoonyesha ni aina gani, bei inauma lakini limfoma ziko aina nyingi na matibabu hayafanani. Na asipewe prednisoloni (dawa ya steroidi) kabla, inaweza kufanya tezi zinywee majibu yavurugike.

Ripoti ikitoka ombeni slaidi (vioo vya sampuli) na bloku ya parafini (kipande cha tezi kilichohifadhiwa kwenye nta), mkitaka daktari mwingine aangalie pale KNH (Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta) ama kwingine mara nyingi hakuna haja akatwe tena.