Vivuli vitatu chini ya skrini

Kuna kipindi cha televisheni chenye vivuli vya mtu na roboti wawili wakiisema filamu mbovu toka viti vya mbele, kinaitwa Mystery Science Theater 3000. Joel Hodgson alikianzisha mwaka 1988 kwenye kituo kidogo cha televisheni cha Minneapolis, Marekani, kisha kikahamia kwenye televisheni ya kebo. Hadithi yake ni kisingizio tu: jamaa kafungiwa kwenye chombo angani, wanasayansi vichaa wanamlazimisha atazame filamu mbaya, naye kajiundia roboti wa kumpa kampani. Waangalie vizuri hao roboti. Kichwa cha Tom Servo ni ile mashine ya kuuzia bigijii, na mdomo wa Crow ni pini ya mchezo wa bowling, ile yenye umbo la chupa, iliyopasuliwa. Bajeti ya kuungaunga kabisa!

Anza na toleo ambalo waliitazama Manos: The Hands of Fate. Filamu yenyewe ni ya 1966, kazi ya muuza mbolea wa El Paso, Texas. Kamera yake ilirekodi sekunde thelathini na kitu tu kwa mkupuo, na sauti zote zikabandikwa baadaye. Mwanzo wake ni gari linakwenda, linakwenda, halifiki. Bila hao watatu hufiki dakika ya kumi.

Utani mwingi ni wa Kimarekani wa enzi hizo, utakaokupita uache upite. Kuhusu Joel, aliyekuwa mwenyewe yule jamaa wa angani, na Mike Nelson aliyempokea 1993, mashabiki bado wanavutana. Mimi ni wa Joel, ana upole fulani hata akisema vibaya.