Maswali ya Wasomaji: Kupandisha Baiskeli Darini kwa Kamba na Makapi

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga, mji wenye baiskeli nyingi, na si kila nyumba ina pa kuziweka.

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Banda letu la gari ni dogo na baiskeli nne zimejazana ukutani, watoto wakichomoa moja zote zinaanguka. Nataka kuzipandisha juu kwa kamba na makapi. Dari ni la jipsamu, kimo chake mita 2.7. Fundi anasema atapiga skrubu zenye jicho kwenye zile mbao za dari, basi. Inafaa?
*Mama wa watoto watatu, Raskazone*

JIBU: Haifai, mama, na tunakuomba umzuie kabla hajapanda ngazi. Mbao anazozisema ni zile za inchi mbili kwa mbili zinazoshikilia jipsamu. Zimepigiliwa kwa misumari kutoka chini, kwa hiyo mzigo ukizivuta unaivuta misumari kule kule ilikoingilia. Haitachomoka siku ya kwanza. Itachomoka kidogo kidogo kila baiskeli inaposhushwa na kupandishwa, mpaka dari lishuke pamoja nayo.

Mzigo lazima ufike kwenye kenchi yenyewe, yaani kwenye boriti yake ya chini ya 2x4 au 2x6. Njia tunayoiamini ni hii: fundi apande juu ya dari, alaze ubao wa 2x6 juu ya boriti za kenchi mbili au tatu, aufunge kwa skrubu usitembee. Kisha atoboe ubao na jipsamu, katikati ya kenchi na kenchi, apitishe chuma chenye hesi cha milimita 10, kwa juu akifunge kwa nati mbili na washa pana, kwa chini afunge jicho la kutundikia kapi. Hapo ubao unazikalia boriti, hakuna kinachoning'inia kwa msumari, na jipsamu haibebi chochote. Chuma kiwe kirefu: unene wa ubao, kimo cha boriti, ile mbili kwa mbili na jipsamu vikijumlishwa huzidi milimita 200. Wengi hununua kifupi, halafu wanarudi kwenye skrubu.

Sasa uzito. Baiskeli ya gia ina kilo 12 hadi 16 hivi, ile ya chuma yenye keria hufika 20 na zaidi. Hesabu inayosahaulika ni ya mkono unaovuta. Baiskeli ya kilo 20 ikitundikwa kwa kamba mbili, kila kamba inabeba 10. Ukisimama chini ya kapi la pili, lile la upande wa usukani ambalo kamba zote mbili hupitia, na kuvuta kamba zote mbili kwenda chini, kapi hilo peke yake linavutwa kwa kilo 30, na dari zima kwa kilo 40. Ndiyo maana tunataka kapi la tatu, la ukutani. Kamba zikitoka darini zikaenda ukutani kwanza ndipo zishuke mkononi, ubao wa juu unabaki na kilo 20 tu za kushuka, na ukuta wa tofali unabeba nguvu za mkono wako bila taabu.

Kwa baiskeli moja nunua kapi moja la gurudumu moja (upande wa siti), makapi mawili ya magurudumu mawili (upande wa usukani na ukutani), kulabu nne, kamba ya milimita 8 mita 14, na kishikio cha kufungia kamba ukutani. Pima kutoka katikati ya siti hadi usukani, na nafasi kati ya makapi mawili ya darini iwe hiyo hiyo. Kwa baiskeli ya mtu mzima hukaribia robo tatu ya mita. Kulabu mbili zishike usukani, moja kila upande wa shingo, na zisiminye waya za breki. Mbili zishike chini ya siti, au keria ikiwa imefungwa imara. Zivalishe vipande vya mpira wa bomba la maji zisikwaruze rangi.

Kamba mbili ziunganishwe kwa fundo moja baiskeli ikiwa chini, imekaa sawa, chini kidogo ya kapi la ukutani, kisha uache mkia wa mita 2 na nusu wa kuvutia. Ukiliacha fundo mbali chini ya kapi, litafika sakafuni kabla baiskeli haijamaliza kupanda. Ukifunga fundo huku upande mmoja umelegea, baiskeli itapanda imeinama maisha yake yote.

Kabla hujalipa chochote, pima kimo. Kapi na kulabu vinakula kama sentimita 20, na kutoka siti hadi ardhini ni mita moja hivi. Dari lako la mita 2.7 litaacha matairi yakining'inia mita 1.5 kutoka sakafuni, sawasawa na uso wa mtu. Kwa hiyo zitundike juu ya boneti ya gari, mahali pasipopitwa na watu. Juu ya paa la gari hazitaenea. Na zote nne zisibebwe na ubao mmoja; tumia mbao mbili, karibu na ukuta ambako kenchi imekalia tofali.

Kishikio kiwe mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni, kamba izungushwe kwa umbo la nane mara tatu na kufungwa. Mtoto akiifungua, baiskeli inashuka yote kwa mkupuo mmoja.

SWALI: Nilinunua kifaa kilichokamilika, cha kujibana chenyewe. Sasa kamba inateleza, na makapi yanalia na kukwama. Nimekitia oili, kimezidi.
*Msomaji, Chumbageni*

JIBU: Oili ndiyo iliyotelezesha kamba. Meno ya kubana yanahitaji kamba kavu. Toa kamba, osha meno kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, yakauke, kisha weka kamba mpya ya unene ule ule ulioandikwa kwenye kifaa. Nyembamba kwa milimita 2 tu haibanwi.

Kukwama ni chumvi ya bahari. Vifaa vingi vya bei nafuu vimepakwa zinki nyepesi, na kwa hewa ya Tanga ekseli ya kapi inashika kutu ndani, mahali usipopaona. Gurudumu likigoma kuzunguka, kamba inasagika juu yake. Badilisha makapi, uchague yenye gurudumu la nailoni na ekseli isiyoshika kutu. Maduka ya vifaa vya uvuvi huwa nayo. Angalia pia mfereji wa gurudumu. Kamba ikiwa nyembamba kuliko nafasi ya pembeni, itaruka na kunasa kati ya gurudumu na shavu la kapi, na hutaitoa bila kufungua kila kitu.

Kuhusu kamba: poliesta ndiyo bora, nailoni inafaa ila inavutika, hivyo baiskeli utaikuta imeshuka kidogo asubuhi. Tunaipenda katani yetu, lakini si kwa kazi hii. Inanyonya unyevu, inavimba ndani ya kapi na kuoza kutoka ndani huku nje inang'aa.

SWALI: Nimepanga nyumba, juu ni zege. Naweza kutumia fisha za plastiki?
*Ngamiani*

JIBU: Kwa taa, sawa, kwa baiskeli, hapana, kwa sababu mzigo unaivuta fisha moja kwa moja kutoka tunduni. Tumia boliti za chuma za kutanuka za milimita 8 au 10, tundu lifuate kina kilichoandikwa kwenye paketi, na ulipulize vumbi lote kabla ya kukaza, maana boliti iliyokalia vumbi inazunguka bure. Usitoboe kwenye mstari kati ya taa na swichi. Bomba la nyaya hupita humo. Na mwenye nyumba aulizwe kwanza.

SWALI: Je, naweza kupandisha mashine ya boti, farasi 15, pamoja na makasia na maboya?
*Mvuvi, Sahare*

JIBU: Makasia na maboya pandisha, ukiyafunga kwenye fremu ya mbao ya mita 1.5 kwa nusu mita ili yasimwagike. Mashine acha chini. Ina zaidi ya kilo 30, uzito wake umeelemea upande wa kichwa, na kulabu za baiskeli hazikutengenezwa kwa mzigo unaojigeuza. Tena ikining'inia imelala vibaya, petroli na oili vitachuruzika juu ya gari. Itengenezee stendi ya mbao za 2x4, isimame wima kama inavyokaa botini, na uisuuze kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kabla ya kuihifadhi.