Maandishi yapo, ila hayajatoka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina programu ndogo ya C. Kwenye Linux, nikiiendesha kwenye teminali, kila printf inaonekana papo hapo. Kwenye Windows, nikiiendesha ndani ya dibaga (programu ya kutafutia makosa) na kuisimamisha mstari mmoja baada ya printf, konsoli ni tupu. Programu ikiisha, yote yanamwagika kwa mpigo. Kila ujumbe nimeumalizia kwa \n, alama ya mstari mpya. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hujakosea, na dalili uliyoitaja mwishoni inatosha: maandishi yanafika, yanachelewa tu. Yamekaa kwenye bafa. printf huyaweka maneno kwanza kwenye akiba ndani ya kumbukumbu, na maktaba ya C ndiyo huamua lini yatoke. Kwenye Linux na Mac, maktaba ikiona inaandikia teminali, hutoa kila mstari unapokamilika. Ikipewa paipu (njia ya kupeleka maandishi kwa programu nyingine) badala ya teminali, kama zifanyavyo dibaga nyingi, husubiri akiba ijae maelfu ya baiti au programu ifike mwisho. Windows ni zaidi: maktaba yake ya C haina utaratibu wa mstari kwa mstari. Ukiuomba, unapewa ule wa kujaza akiba. Ndiyo maana \n yako haikufua dafu.

Weka hii mwanzoni mwa main, kabla ya printf yoyote:

setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0);

Mstari huu unaizima akiba ya stdout, njia ya kawaida ya maandishi ya programu. Programu inayoandika sana itapungua kasi, kwa hiyo uondoe ukishamaliza kutafuta kosa. Kama hutaki kugusa msimbo na unatumia dibaga ya GDB, simamisha programu kisha andika call (int)fflush(0). Akiba itatoka hapo hapo. Wanaotumia Python waendeshe programu kwa python -u.

Nakusihi usilichukulie jambo hili kuwa usumbufu wa macho tu. Niliwahi kumaliza jioni mbili nikichunguza kitanzi kisicho na kosa lolote, kwa kuwa ujumbe wa mwisho niliouona ulitoka humo. Kumbe programu ilikuwa imeshakivuka zamani, ikaanguka mbele kwa kielekezi (pointer) kibovu, na ujumbe uliokuwa kwenye akiba ukafa nayo. Tangu hapo ujumbe wa kutafutia makosa naupeleka stderr, njia ya pili ya maandishi iliyotengwa kwa makosa, kwa fprintf, kwa sababu stderr haisubiri.

Maandishi yasipotokea hata programu ikiisha, hilo ni jambo jingine. Huenda yameenda dirisha usilolitazama: kwenye launch.json, faili la mipangilio ya dibaga la kihariri cha VS Code, internalConsole huyapeleka kwenye konsoli ya dibaga, integratedTerminal kwenye teminali. Au programu ya Windows imeunganishwa (link) kama ya madirisha, isiyopewa konsoli kabisa. Hiyo itumie OutputDebugString, kitendakazi cha Windows; dibaga itaupokea ujumbe.

Jaribu setvbuf kwanza. Konsoli ikibaki tupu, niandikie tena ukitaja dibaga yako na amri uliyoiunganishia programu.