Nikibadilishana kete zote, si nitaambulia sare?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kiwango changu cha chesi ni 1500, ndiyo kwanza nimeingia kwenye orodha ya FIDE, shirikisho la chesi duniani. Raundi ya kwanza ya mashindano nikapangiwa mtu wa 1900! Nikaona nitafute sare tu. Malkia tuliwatoa mapema, farasi wakafuata, tukabaki na ngome mojamoja na askari watano kwa watano. Nikamwomba sare mara tatu, akakataa, na mwishowe akanifunga. Karatasi ya hatua naambatanisha. Nilikosea wapi? Na mbona waandaaji wananionea?

JIBU: Marahaba. Hakuna aliyekuonea. Katika mfumo wa Uswisi, ndio wa kupanga nani akutane na nani, raundi ya kwanza orodha ya wachezaji kwa viwango hukatwa katikati, kinara wa nusu ya juu akakutana na kinara wa nusu ya chini, na kuendelea hivyo.

Kosa liko kwenye kubadilishana. Ulimwondolea mwenzako vurugu, na vurugu ndiyo ingemkosesha. Kete zikibaki chache, anayejua zaidi hujua zaidi kwelikweli. Tazama hatua ya 31: ngome yake imeingia mstari wako wa pili, yako imejibanza a1 kumlinda askari wa a2, na mfalme wako bado amekaa g1 kama mgeni aliyesubirishwa. Mimi askari huyo ningemtoa sadaka papo hapo, ngome itoke ikawasumbue askari wake kwa nyuma, mfalme naye aanze safari ya katikati.

Hata ungebaki na ngome tupu dhidi ya ngome na askari mmoja, sare ingewezekana. Philidor, bingwa wa chesi Mfaransa, alishaonyesha njia katika karne ya 18: mfalme wako azibe mbele ya askari, ngome yako ilinde mstari wa sita, ukihesabu kutoka upande wa mshambuliaji, ili mfalme wake asipite. Askari akikanyaga mstari huo, ngome ikimbilie nyuma kabisa, upande wa mshambuliaji, uanze kumpiga mfalme wake cheki mfululizo. Jifunze hilo kabla ya ufunguzi wowote.

Kuomba sare mara tatu, hapana. Sheria inakataza kumsumbua mpinzani kwa maombi yasiyo na msingi, na mwamuzi angeweza kukuadhibu. Isitoshe, unamwambia kwamba unaogopa.

Na ulichokuwa unaogopa ni nini hasa? Mchezaji mpya huhesabiwa kwa kizidisho cha 40, yaani tofauti kati ya matokeo yake na yaliyotarajiwa huzidishwa kwa 40 kupata mabadiliko ya kiwango. Kwa tofauti ya 400, kufungwa kumekugharimu pointi 3.2 tu za kiwango, sare ingekupa 16.8, ushindi 36.8. Mkikutana tena, malkia abaki ubaoni.