Jibu: Mastodon kwenye simu, seva tofauti mnaonana?

Sheikh umeuliza kuhusu Mastodon, ule mtandao wa kijamii uliogawika kwenye seva nyingi (yaani kompyuta zinazoendeshwa na watu tofauti), kama we ukiwa seva moja na ndugu yako wa Chake yuko nyengine mtaonana, mtaonana bila taabu, ni kama laini za simu tu kila mtu ana yake na mnapigiana. Ila mtafute kwa jina kamili, @jina halafu @seva yake, ukiandika jina tupu mara nyengine hatokezi. Seva isikuumize kichwa, ingia hiyo mastodon.social inayopendekezwa, baadae ukihama wafuasi wako unahama nao, posti za zamani ndo zinabaki kule kule.

Na ule ukurasa wa mwanzo ulosema u mtupu, si ubovu wa simu, kule unaona unaowafuata tu kwa mpangilio wa saa, hakuna wa kukuchagulia, kwa hiyo fuata watu, fuata na hashtegi kama #Zanzibar, posti zake zitakuja zenyewe.

Jambo moja khasa lishike, meseji za faragha kule hazijafungwa, msimamizi wa seva anaweza kuzisoma, sasa namba ya kitambulisho, mambo ya pesa, picha za watoto, usitume huko hata siku moja.