Fundi Umeme Anajibu: Geji za bei nafuu na RPM kwenye Corolla ya 1982

SWALI: Shikamoo fundi. Ninafufua Corolla KE70 ya mwaka 1982 niliyoachiwa na baba mkubwa. Injini ni 4K ya kabureta; tumeshachonga krenki, tumefunga beringi na ringi mpya. Dashibodi ina spidi mita, geji ya mafuta na geji ya joto ambayo haijapanda tangu nilichukue. Taa ya oili inawaka na kuzima vizuri. Nataka kuongeza geji pamoja na RPM, yaani geji ya mizunguko ya injini kwa dakika, na bajeti yangu ni laki mbili na nusu. Dukani nimeona seti ya geji tatu zinazowaka rangi saba, na RPM ya inchi 5 yenye taa ya kukumbusha kubadili gia. Rafiki yangu anasema geji ya bei rahisi ni bora usifunge kabisa. Nifanyeje? — Kijana wa Corolla, Mbeya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kuanza na krenki kabla ya rangi na rimu.

Rafiki yako ana haki kidogo tu. Geji ya bei rahisi inaweza kukulindia injini miaka mingi, mradi uinunue kwa kukagua sensa yake. Uso wa rangi saba kiwandani ni kazi ndogo. Kinachopima ni sensa, na hapo ndipo mtengenezaji wa bei ya chini anapopunguza gharama. Dukani omba ufunguliwe boksi, ushike sensa mkononi, uangalie kama tredi zake zimechongwa safi, kisha uulize kama sensa hiyo inauzwa peke yake. Kama haiuzwi, siku ikifa geji nzima imekufa.

Kabla hujatoa hata shilingi, jaribu hii geji ya joto uliyonayo. Fungua swichi bila kuwasha injini, chomoa waya kwenye sensa ya joto, uguse kwenye bodi kwa sekunde chache tu huku mtu akiangalia dashibodi. Mshale ukipanda kuelekea H, geji na waya ni wazima. Aliyekufa ni sensa, na sensa ni kitu cha bei ndogo. Wateja wengi hununua geji mpya wakati ya kiwandani haina kosa lolote.

Sasa hela. Anza na presha ya oili, halafu joto, na RPM ichukue kitakachobaki. Najua moyo wako uko kwenye RPM, lakini hizo beringi mpya zinaishi kwa oili. Ile taa unayoisifia huwaka presha ikiwa imeshaanguka karibu na 0.3 bar (psi 4 hivi), na injini iliyo mwendoni ikifika hapo madhara yameshaanza. Kipimo tunachotumia gereji ni hiki: injini ikiwa na moto wake, kila RPM 1000 ikupe walau psi 10. Ukiwa kwenye 3000 usome 30 au zaidi. Taa haiwezi kukuambia hivyo.

Kwa bajeti yako, geji ya oili nunua ya mekanika, ile inayoletewa oili yenyewe kwa bomba. Ndani yake kuna kibomba cha shaba kilichopindwa ambacho hujinyoosha presha ikipanda na kuusukuma mshale. Mfaransa Eugène Bourdon alikipatia hataza mwaka 1849 na mpaka leo kinafanya kazi bila umeme wala sensa. Mekanika ya bei nafuu kwa kawaida husoma vizuri kuliko ya umeme ya bei hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba unaleta oili ya moto yenye presha juu ya magoti yako. Hivyo lile bomba jembamba la plastiki linalokuja kwenye boksi litupe. Weka hosi ngumu iliyosukwa nje, pitisha kwenye ukuta wa injini ndani ya raba, isiguse egzosi wala isisuguane na chuma chochote. Ukiona hela ya hosi hiyo haipatikani, usifunge mekanika. Tafuta ya umeme.

Halafu kuna jambo la tredi, na hapa nakusihi uende polepole. Swichi ya oili ya Toyota ya zamani ina tredi ya 1/8 ya BSP, kipimo cha Kiingereza, yenye miviringo 28 kwa inchi. Viungio vya seti nyingi za dukani ni 1/8 ya NPT, kipimo cha Kimarekani, miviringo 27. Ukiviangalia kwa macho havina tofauti. Kinaingia kwa vidole, kinakaza mapema, fundi anadhani ni uchafu, anachukua spana, anavuta. Matokeo yake ni tredi za bloku kuharibika au oili kuvuja kila ukipasha injini, na bloku ya 4K nzima siku hizi si ya kuokota. Fungua swichi yako, itie mfukoni, nenda nayo soko la Mwanjelwa, ujaribu nati na viungio palepale kaunta. Kama hupati cha BSP, karakana ya kukereza vyuma itakuchongea. Chukua kiungio cha T ili swichi ya taa ibaki mahali pake pamoja na geji mpya. Taa ni ya kukushtua macho yakiwa barabarani, usiiondoe.

Ukiamua umeme, sensa ya presha ni kikopo kizito. Usikining'inize kwenye bloku juu ya viungio viwili vitatu, maana mtikisiko wa injini utavunja shaba na oili yote itamwagika njiani. Kifunge kwenye bodi kwa kibano, kiunganishwe na injini kwa hosi fupi. Ikiwa sensa ni ya waya mmoja, ethi yake (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) ni kopo lenyewe, kwa hiyo kivutie waya wa ethi, na tepu nyeupe ya mabomba iwe kidogo sana kwenye tredi.

Ethi hiyohiyo ndiyo inayosumbua kwenye geji za joto. Wengi hukata hosi ya juu ya rejeta na kuweka kipande cha aluminiamu chenye tundu la sensa. Ni njia nzuri, ila kipande hicho kimekaa katikati ya raba na hakigusi bodi popote. Bila waya wa ethi, mshale hautanyanyuka au utacheza, na utarudi dukani kugombana na muuzaji bure.

Kabla ya kufunga sensa ya joto, ipime jikoni. Iunganishe na geji na betri, ethi iwe kwenye mwili wa sensa, kisha tumbukiza ncha yake kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Wewe uko Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo maji yako yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mshale ukikaa 92 hadi 96, funga. Ukisema 100 na zaidi, ujue inazidisha. Mwenzako wa Dar ndiye atakayetegemea 100. Ukishafunga, andika mahali inapotulia barabara tambarare na inapofika ukipanda mlima Kitonga. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuambia baadaye kama rejeta imeanza kuziba.

Hiyo RPM ya inchi 5 siipendi kwa gari lako. Dashibodi ya KE70 ni ndogo, na duara la sentimita 12 na ushee litakuziba kona ya kioo. Tafuta ya milimita 80 au hata 52. Pia zunguka kwa wauza spea za mtumba: Corolla za umbo hilo za daraja la juu zilitoka kiwandani na RPM ndani ya dashibodi, na ukiipata nzima hakuna kitakachokaa vizuri zaidi.

Ukinunua mpya, angalia nyuma kuna swichi ya silinda 4, 6 na 8. Iweke 4. Ikiachwa kwenye 6, injini ikizunguka 3000 utasoma 2000, na utaiumiza ukidhani unaibembeleza. Waya wa ishara unaenda upande wa hasi wa koili, ule unaokwenda kwenye platini (kikata umeme ndani ya distribyuta). Umeme uchukue kwenye swichi kupitia fyuzi ndogo. Usifunge waya wa ishara pamoja na waya za plagi, kwa sababu mshale utarukaruka. RPM itakufaa hasa kwenye kuseti kabureta: utaiona sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikikaa au ikishuka badala ya kubahatisha kwa sikio.

Jambo la mwisho kwako: ukiona boksi limeandikwa Defi na bei yake ni ya chakula cha mchana cha watu wanne, hiyo ni nakala. Geji halisi za Defi hutengenezwa na Nippon Seiki ya Japani na hazijawahi kuwa za bei hiyo. Bora geji ya kawaida isiyojificha jina.

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Nina pikapu ya dizeli ya zamani, haina koili wala plagi. Nimenunua RPM, fundi wa hapa asema haiwezekani kufungwa. Ni kweli? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Yawezekana, lakini si kwa RPM yoyote. Tazama nyuma ya altaneta kama kuna ncha iliyoandikwa W. Hiyo hutoa mapigo yanayofuata mzunguko wa altaneta. Altaneta ya ncha za sumaku 12 hutoa mapigo 6 kwa mzunguko wake mmoja, na puli ikiizungusha mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki, unapata 12. Kwa hiyo wahitaji RPM ya dizeli inayorekebishika, wala si ile ya swichi ya 4, 6 na 8. Soma karatasi ya uliyoinunua. Kama haitaji altaneta, irudishe ingali mpya. Kuirekebisha, bandika stika inayong'aa kwenye puli ya krenki, mwambie fundi alete kipima mzunguko cha mwanga, mlinganishe injini ikiwa sailensi na tena kwenye 2000.

SWALI: Geji zangu mpya zinaniumiza macho usiku. — Dereva, Morogoro

JIBU: Waya wa taa ya geji umeungwa kwenye umeme wa swichi. Uhamishie kwenye waya wa mwanga wa dashibodi, ule unaowaka ukifungua taa ndogo. Kama gari lako lina kidude cha kupunguza mwanga, zile za balbu zitapungua pamoja na dashibodi. Za LED nyingi hazipungui vizuri, hizo zibandikie plastiki nyembamba ya kijivu kwa ndani ya kioo.